Jinsi ya kutunza faili za ripozitori katika wiki ya timu

Maswali ni yale yale kila timu mpya inapoanza. Faili ya usanidi tuiweke kwenye wiki au kwenye ripozitori? Mbona niliyoyaandika jana leo hayapo? Picha zimeenda wapi? Kwa nini kiungo hiki kinaonyesha mistari isiyohusika kabisa? Mwongozo huu unayajibu kwa hatua. Tumefuata wiki za GitHub, tovuti ya kuhifadhi miradi ya programu, kwa sababu ndizo wengi wanaanza nazo. Pale GitLab, tovuti nyingine ya aina hiyo, inapotofautiana tumesema. Neno wiki humu ni kurasa za maelezo za timu. Siku saba tutaziita juma.

Elewa jambo moja kabla ya yote: wiki hizi zenyewe ni ripozitori za Git, yaani hazina za faili ambazo programu ya Git hutunza historia ya kila badiliko lake. Kila ukurasa ni faili ya maandishi, na kila ukibofya kitufe cha kuhifadhi kwenye kivinjari umefanya komiti, yaani umeandika badiliko moja kwenye historia. Mradi wako basi una ripozitori mbili, ya msimbo na ya wiki, zenye historia mbili zisizojuana. Sehemu kubwa ya matatizo yaliyomo humu chini huzaliwa pale mtu anaposahau hilo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Git toleo la 2.23 au jipya zaidi. Angalia kwa `git --version`.
- Ruhusa ya kuandika kwenye mradi. Kama ripozitori ni ya faragha, hakikisha mpango wa akaunti yenu unaruhusu wiki. Akaunti ya bure ya GitHub haitoi wiki kwa ripozitori za faragha.
- Tokeni au ufunguo wa SSH, yaani njia za kujitambulisha bila nywila. GitHub iliacha kupokea nywila ya akaunti kwa kazi za Git tangu 13 Agosti 2021, kwa hiyo nywila itakataliwa hata kama ni sahihi.
- Kihariri cha maandishi matupu kinachohifadhi kwa UTF-8. Usiandikie kurasa katika Word: hupindisha alama za nukuu, na amri itakayonakiliwa kutoka kwenye ukurasa huo itagoma kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) bila msomaji kujua sababu.
- Orodha fupi ya nani anatunza ukurasa upi. Ukurasa usio na mwenyewe huchakaa.

Amua kwanza kila faili ikae wapi

Hapa usiharakishe, kwa sababu uamuzi mbaya hapa haurekebishwi na hatua yoyote inayofuata. Kanuni ni hii: faili moja, makao mamoja. Faili yoyote inayosomwa na programu, iwe ya usanidi, hati ya terminali, mfano wa `.env` (faili ya mipangilio ambayo mara nyingi hubeba siri) au muundo wa hifadhidata, makao yake ni ripozitori ya msimbo. Wiki inaieleza na kuielekeza, haiihifadhi. Ukibandika faili nzima ya usanidi kwenye ukurasa, tayari una nakala mbili. Mwenzako atabadili ile ya kwenye msimbo, ya wiki itabaki vilevile, na mtu mgeni ataiamini ya wiki.

Kipande cha mistari mitano au kumi ya kueleza wazo hakina ubaya. Andika juu yake jina la faili kilikotoka na uweke kiungo. Kikizidi mistari kumi na tano hivi, acha kukinakili; weka kiungo peke yake.

Kuna kundi la tatu linalowachanganya wengi: maelezo yanayobadilika pamoja na msimbo, kwa mfano jinsi ya kusakinisha toleo fulani. Haya yaweke kwenye folda ya `docs/` ndani ya ripozitori ya msimbo. Wiki za GitHub hazina maombi ya kuunganisha mabadiliko, yaani hakuna mahali pa mwenzako kukagua ukurasa kabla haujaonekana. Maelezo yaliyo kwenye `docs/` yatakaguliwa pamoja na msimbo wenyewe, na ukirudi kwenye toleo la zamani utayakuta kama yalivyokuwa siku ile. Wiki ibaki na yale yasiyofungwa na toleo: ramani ya mradi, utaratibu wa zamu, maamuzi na sababu zake, majibu ya matatizo yanayojirudia.

Siri zisiingie kote kuwili. Wiki ya ripozitori ya wazi inasomwa na dunia nzima.

Hatua ya 1: Anzisha wiki kwa ukurasa mmoja

Kwenye mradi wako bofya "Wiki", kisha "Create the first page", andika sentensi moja na uhifadhi. Usiiruke hatua hii. Kabla ukurasa wa kwanza haujaundwa kwenye kivinjari, ripozitori ya wiki haipo, na ukijaribu kuivuta, yaani kuinakili kwenye kompyuta yako, utaambiwa `Repository not found`.

Hatua ya 2: Ivute wiki kwenye kompyuta yako

Anwani ni ile ya mradi, ila mwishoni panakuwa `.wiki.git`:

```
git clone https://github.com/TIMU/MRADI.wiki.git
cd MRADI.wiki
git branch --show-current
```

GitLab nayo hutumia mwisho huohuo. Amri ya tatu inakuonyesha jina la tawi, yaani mkondo wa mabadiliko unaoufanyia kazi. Usilikisie: tawi la wiki linaweza kuwa `master` hata kama la msimbo ni `main`. Kinachoonekana kwa wasomaji ni kilichomo kwenye tawi kuu tu. Ukisukuma (ukipeleka kwenye seva) tawi jingine, kurasa hazibadiliki hata kidogo.

Weka folda ya wiki kando ya folda ya msimbo, si ndani yake. Git inaruhusu kuifanya wiki kuwa ripozitori-ndani-ya-ripozitori, lakini kwa timu inayoanza hatuipendekezi: kila mabadiliko ya wiki yatadai komiti ya pili kwenye msimbo, na watu watasahau.

Hatua ya 3: Sawazisha miisho ya mistari

Windows humaliza mstari kwa herufi mbili zisizoonekana, Linux na macOS kwa moja. Timu ikichanganyika, mtu atarekebisha neno moja na Git itaonyesha ukurasa mzima umebadilika. Tengeneza faili ya `.gitattributes` kwenye mzizi wa wiki:

```
* text=auto eol=lf
*.png binary
*.jpg binary
*.pdf binary
```

Kisha:

```
git add .gitattributes
git add --renormalize .
git commit -m "Sawazisha miisho ya mistari"
git push
git config pull.rebase true
```

Amri ya mwisho huagiza kwamba ukivuta, komiti zako zipangwe juu ya zile za wenzako (`rebase`). Kila mwanatimu aiendeshe kwenye kompyuta yake, kwani mpangilio huo hausafiri na ripozitori.

Hatua ya 4: Panga majina na folda

Jina la faili ndilo kichwa cha ukurasa na ndilo anwani yake. `Kusakinisha-Mfumo.md` huonekana kama "Kusakinisha Mfumo". Shikeni haya:

- Kistari badala ya nafasi, siku zote.
- Usitumie `\ / : * ? " < > |`. Windows haikubali majina yenye alama hizi.
- Majina mawili yasitofautiane kwa herufi kubwa na ndogo tu. `Seva.md` na `seva.md` ni faili mbili kwenye Linux, lakini kwa kawaida ni moja kwenye Windows na macOS, na moja itaimeza nyingine.
- Faili iishie na `.md`, isipokuwa hivyo haitatambuliwa kuwa ukurasa wa Markdown, yaani maandishi yenye alama rahisi za mpangilio.

Kuhusu folda: kwenye GitHub unaweza kuweka kurasa ndani ya folda, lakini anwani ya ukurasa haibebi jina la folda. Ukiwa na `api/Utangulizi.md` na `seva/Utangulizi.md`, zote zinagombea anwani moja. Taja mada ndani ya jina: `API-Utangulizi.md`, `Seva-Utangulizi.md`. GitLab huheshimu folda, kwa hiyo timu inayohama kutoka GitLab kwenda GitHub ianze na usafi wa majina.

Hatua ya 5: Tengeneza Home na upau wa pembeni

Faili tatu zina kazi maalumu: `Home.md` ni ukurasa wa kwanza, `_Sidebar.md` ni upau wa pembeni, `_Footer.md` ni maneno ya chini ya kila ukurasa. Kwenye GitLab ukurasa wa kwanza ni `home.md`, kwa herufi ndogo.

```
* [[Mwanzo|Home]]
* [[Kusakinisha|Kusakinisha-Mfumo]]
* [[Faili za usanidi|Usanidi-Faili]]
```

Angalia mpangilio: maneno yanayoonekana hutangulia, jina la ukurasa hufuata. Aliyezoea wiki za MediaWiki ataandika kinyume, kwa sababu kule ukurasa hutangulia.

Upau ukizidi viungo ishirini watu huacha kuusoma. Weka kurasa mama tu, na kila ukurasa mama uorodheshe watoto wake.

Hatua ya 6: Unganisha ukurasa na faili ya msimbo

Hii ndiyo hatua inayokosewa kuliko zote. Mtu hufungua faili kwenye tawi la `main`, hunakili anwani yenye `#L40-L52`, huibandika. Siku hiyo kiungo ni sahihi. Mwenzake akiongeza mistari mitatu juu ya faili, kiungo kinaangukia mistari mingine, na hakuna onyo lolote linalotolewa.

Fanya hivi:

1. Fungua faili kwenye ripozitori ya msimbo.
2. Bofya namba ya mstari wa kwanza, shikilia Shift, bofya namba ya mstari wa mwisho.
3. Bonyeza herufi `y` kwenye kibodi. Jina la tawi katika anwani litabadilika kuwa alama ya komiti, yaani tarakimu na herufi 40.
4. Nakili anwani hiyo na uiweke kwenye ukurasa.

```
[Muda wa kusubiri seva](https://github.com/TIMU/MRADI/blob/ALAMA-YA-KOMITI/config/seva.yml#L40-L52)
```

Herufi `y` inafanya kazi hiyohiyo kwenye GitLab.

Kiungo cha namna hii hakihami, lakini kinaweza kuzeeka: kinaonyesha faili ilivyokuwa siku ile. Kwa hiyo gawa viungo vyako. Unapoeleza mistari mahususi, tumia chenye alama ya komiti. Unapomwambia msomaji "chukua mfano wa usanidi hapa", tumia cha tawi kuu, bila namba za mistari.

Kujua kama kiungo kimezeeka, nenda kwenye folda ya msimbo, chukua herufi saba za mwanzo za alama iliyo kwenye kiungo, uulize:

```
git diff --stat 3f9c2ab..main -- config/seva.yml
```

Isipotoa kitu, faili haijaguswa na maelezo yako bado yana uhai. Ikitoa mistari, fungua tofauti nzima bila `--stat` usome kama kilichobadilika kinagusa ulichoandika. Kila toleo jipya la programu likitoka, fanya ukaguzi huu kwa kurasa zenye viungo vya namna hii.

Hatua ya 7: Picha na viambatisho

Weka picha zote kwenye folda moja, tuseme `picha/`, ndani ya ripozitori ya wiki:

```
![Mchoro wa seva na hifadhidata](picha/mchoro-wa-seva.png)
```

Maneno yaliyo kwenye mabano ya mraba usiyaache matupu. Ndiyo atakayoyasikia anayetumia kisoma-skrini, na ndiyo yatakayobaki picha ikikosekana.

Git haisahau. Picha ya MB 3 ukiibadilisha mara kumi, historia imebeba karibu MB 30, hata kama folda inaonyesha faili moja. Punguza ukubwa kabla ya kukomiti. Picha ya skrini yenye upana wa pikseli 1200 inatosha na kwa kawaida haifiki KB 300. GitHub huonya faili ikizidi MB 50 na hukataa inayozidi MB 100, lakini ukikaribia huko katika wiki jua umeshapotea njia: video na vifurushi vya programu si vya kukaa humo.

Mchoro unaobadilika mara kwa mara uandike kwa Mermaid, lugha ya kueleza michoro kwa maandishi, ndani ya ukurasa. GitHub na GitLab zote huuchora zenyewe, na mabadiliko yake yanasomeka mstari kwa mstari kama maandishi mengine.

Hatua ya 8: Mzunguko wa kila siku

```
git pull
# hariri kurasa
git status
git diff
git add Kusakinisha-Mfumo.md picha/mchoro-wa-seva.png
git commit -m "Kusakinisha: ongeza hatua ya kufungua mlango 8080"
git push
```

Vuta kabla ya kuhariri, si baada. Taja faili unazoongeza kwa majina; `git add .` hubeba pia faili za muda na, siku mbaya, faili ya `.env`. Komiti moja ibebe jambo moja, na ujumbe wake utaje ukurasa. "Marekebisho" haumsaidii anayetafuta lini hatua fulani iliondolewa.

Usitumie `git push --force` (kusukuma kwa nguvu) kwenye wiki, isipokuwa pale tutakapotaja mwishoni. Wapo wanaohariri kupitia kivinjari, na kazi yao itafutika bila wao kuona ujumbe wowote.

Hatua ya 9: Kubadili jina la ukurasa bila kuvunja viungo

```
git grep -n "Usanidi-Faili"
git mv Usanidi-Faili.md Faili-za-Usanidi.md
```

Amri ya kwanza huorodhesha kila ukurasa unaotaja jina la zamani. Rekebisha zote, ukiwemo `_Sidebar.md`, na uzitie katika komiti ileile. Kumbuka kutafuta pia kwenye folda ya msimbo, maana README (faili ya utangulizi wa mradi) na maoni ndani ya msimbo mara nyingi huelekeza kwenye wiki, na `git grep` haivuki kutoka ripozitori moja kwenda nyingine.

Ukibadili herufi ndogo kuwa kubwa tu katika jina, au kinyume chake, pita kwa jina la kati:

```
git mv seva.md seva-muda.md
git mv seva-muda.md Seva.md
```

Hatua ya 10: Ruhusa na nakala ya akiba

Kwenye mipangilio ya mradi, sehemu ya wiki, zuia uhariri uwe kwa washiriki peke yao. Kisha tengeneza nakala ya akiba. Anayevuta ripozitori ya msimbo haipati wiki, hivyo akiba ya msimbo si akiba ya wiki.

```
git clone --mirror https://github.com/TIMU/MRADI.wiki.git
```

Baadaye ingia kwenye folda hiyo na uendeshe `git remote update`. Mara moja kwa juma inatosha timu nyingi.

Mambo yakienda kombo

*`Repository not found` ingawa ukurasa upo.* Ujumbe huohuo hutolewa kwa asiye na ruhusa. Hakikisha umeandika `.wiki.git` na kwamba tokeni yako inaufikia mradi huo.

*Kusukuma kumekataliwa: `[rejected] (fetch first)`.* Mwenzako amesukuma kabla yako. Endesha `git pull --rebase` kisha `git push`. Hakuna kilichopotea.

*Mgongano baada ya kuvuta.* Fungua faili iliyotajwa, tafuta `<<<<<<<`. Kuwa makini hapa: wakati wa `rebase`, sehemu ya juu ya `=======` ni ya seva, na ya chini ndiyo yako. Wengi hudhani kinyume na kufuta kazi ya mwenzao. Chagua au changanya maneno, ondoa alama zote tatu, halafu:

```
git add Ukurasa.md
git rebase --continue
```

Ukichanganyikiwa, `git rebase --abort` inakurudisha ulipokuwa kabla ya kuvuta.

*`error: invalid path` kwenye Windows.* Mtu ameunda faili yenye alama kama `:` katika jina. Aliye na Linux au macOS alibadilishe jina na kusukuma. Kisha wewe uvute upya.

*Ukurasa umefutwa au umeharibiwa.* Pata komiti iliyofanya hivyo, urudishe hali iliyokuwa kabla yake:

```
git log --oneline -- Ukurasa.md
git restore --source=ALAMA~1 Ukurasa.md
```

Wengine huandika `ALAMA^`, lakini kwenye dirisha la amri la Windows alama hiyo ina kazi nyingine. `~1` inafanya kazi kote.

*Picha haionekani.* Linganisha herufi kubwa na ndogo za jina: `.PNG` si `.png`. Kisha angalia kwa `git status` kama picha yenyewe iliongezwa. Mara nyingi ukurasa umesukumwa na picha imebaki kwenye kompyuta ya mwandishi, ndiyo maana yeye anaiona kwenye kihariri chake na wengine hawaioni.

*Nywila au tokeni imesukumwa kwenye wiki.* Kwanza ibatilishe kule inakotumika, sasa hivi, kabla hujagusa Git. Kuifuta kwenye ukurasa hakuiondoi kwenye historia, na yeyote aliyevuta wiki tayari anayo. Ikishakuwa haina nguvu, ndipo mwaweza kusafisha historia kwa `git-filter-repo`, zana ya kuandika upya historia ya Git. Usafishaji huo hubadilisha alama za komiti na hudai kusukuma kwa nguvu, na hapa ndipo pekee panaporuhusiwa. Kwa hiyo mpangeni muda, watu wote waache kuhariri, na baada ya hapo kila mmoja afute folda yake na kuivuta wiki upya. Akibaki mmoja na folda ya zamani, atakapovuta na kusukuma tena atairudisha siri ileile.